Kununua Karatasi za Silanga kwa Pamoja: Kipimo Kwanza, Pesa Pili, Kisu Mwisho



Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, mvua ilituhini misimu mitano mfululizo. Tangu wakati huo, ukitembea Kitui na Makueni utaona masilanga mengi yaliyochimbwa kando ya nyumba na mashamba. Kuchimba watu wameweza, kwa jembe na kwa mwethya, kama wazee walivyofanya. Lakini penye udongo wa kichanga maji ya Novemba huwa yamekwisha kabla ndengu hazijakauka. Ndiyo sababu vikundi vingi vinauliza juu ya ile karatasi nzito nyeusi ya plastiki ya kutandika ndani ya shimo, ile ambayo watu huita laina.

Mtu mmoja akienda dukani peke yake atalipa bei ya rejareja, na gari la kumletea mzigo atalilipia peke yake. Watu ishirini wakienda pamoja wanaweza kuongea bei. Hilo kila mtu anajua. Lakini katika somo hili tunataka kuangalia jambo lingine ambalo vikundi hulisahau: laina si kama mifuko ya mbolea. Mwanachama akikataa mfuko wake wa mbolea, mwingine atauchukua siku hiyo hiyo. Laina hukatwa na kuunganishwa kwa kipimo cha shimo la mtu fulani. Ikishakatwa ni yake. Akikosa pesa, nani ataichukua? Hapo ndipo vikundi huvunjika.

Basi tuanze na kipimo. Wengi hupima mdomo wa shimo tu. Chukua silanga lenye mdomo wa mita 10 kwa 6, kina mita 2, na kuta zilizolala kiasi kwamba chini limebaki mita 6 kwa 2. Mwenye kupima mdomo ataagiza mita za mraba 60. Laina anayohitaji ni mita 14 kwa 10, yaani mita za mraba 140! Zaidi ya mara mbili. Atapata kitambaa kisichotosha kufunika kuta zote.

Njia rahisi haihitaji hesabu ya shule. Chukueni kamba isiyovutika. Mmoja ashike upande huu, mita moja nje ya mdomo. Kamba ishuke ukutani, ipite sakafuni ikigusa udongo, ipande ukuta wa pili hadi mita moja nje ya mdomo. Pimeni kamba hiyo kwa futi ya fundi. Fanyeni hivyo kwa urefu, halafu kwa upana, pale palipo papana zaidi. Ile mita ya ziada kila upande ndiyo itakayozikwa kwenye mtaro ili laina isiteleze ndani. Watu wawili wale wale wapime masilanga yote ya kikundi, kwa kamba ile ile. Kila mtu akijipimia nyumbani, mtapata vipimo ishirini vya aina ishirini. Katibu aandike kwenye kitabu, na mwenye silanga atie sahihi au kidole mbele ya kipimo chake. Sahihi hiyo ni muhimu, tutairudia.

Kuna ushauri mmoja ambao sisi tunaupenda sana, ingawa si kila kikundi kitaukubali. Kama wengi bado hawajachimba, kubalianeni vipimo viwili tu, kidogo na kikubwa, halafu kila mtu achimbe kufuata laina. Hapo mwenye kushindwa kulipa hataangusha wengine, kwa maana laina yake itaingia kwenye shimo la jirani. Waliokwisha kuchimba watalalamika, na wana haki. Hao wanaweza kurekebisha kingo kwa siku mbili tatu za mwethya. Kumbukeni pia kwamba laina kubwa huweza kupunguzwa ikatosha shimo dogo, lakini ndogo haiongezeki.

Sasa pesa. Mvua tunayoitegemea zaidi huku kwetu ni ya Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo laina iwe imetandikwa kufikia Septemba. Lakini msianze kuchanga Agosti, wakati mifuko imetoboka! Anzeni Februari na Machi, ndengu zikiwa zimeuzwa na wenye maembe wakiwa na kitu. Pesa hizi zisichanganywe na pesa za mzunguko wa kila mwezi. Ziwe na kitabu chake, na zikae kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji sahihi zaidi ya moja. Zisikae kwenye simu ya mweka hazina, hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote. Simu hupotea, na mtu huugua.

Kila mwanachama alipe kwa mita zake za mraba. Tunasema hivi kwa sababu vikundi vingine hugawanya jumla sawasawa ili kurahisisha hesabu, na mama mwenye silanga dogo anamlipia mwenye kubwa. Usafiri pia ufuate mita. Na hakuna kipimo kinachopelekwa dukani kabla mwenyewe hajamaliza kulipa, au angalau hajalipa kiasi ambacho kikundi kimekubali kwamba hakirudishwi. Kiandikeni kwenye dakika za mkutano. Ni kali, ndiyo. Lakini bila hiyo, wale waliolipa mapema ndio watakaobeba deni la aliyejiondoa.

Dukani, tumeni watu watatu, wakiwemo akina mama. Ulizeni maduka matatu, na wote waulizwe swali moja: bei ya mita moja ya mraba, ya unene huu, pamoja na kuunganisha. Bei ya chini mara nyingi ni ya karatasi nyembamba. Unene huandikwa kwa mikroni. Mikroni 500 ni nusu milimita. Macho hayawezi kutambua, lakini mizani inaweza. Laina ya nusu milimita ina uzito wa karibu nusu kilo kwa kila mita ya mraba, pungufu kidogo. Kwa hiyo ile yetu ya mita 140 iwe karibu kilo 65. Mkiipima kwenye mizani ya mnunuzi wa ndengu ikasoma 50, mmeuziwa nyembamba, na msimalizie malipo. Lipeni sehemu mnapoagiza, na nyingine baada ya kupima. Risiti iwe kwa jina la kikundi. Laina ishirini za namna hii ni zaidi ya tani moja, kwa hiyo msikodi pikapu ndogo.

Mzigo ukifika, kila mtu afungue kitabu aone kipimo alichokitia sahihi, kisha alinganishe. Kosa la duka litarudi dukani. Kosa la kipimo kilichotiwa sahihi halirudi.

Kutandika ni kazi ya mwethya: ondoeni mawe na mizizi, pakeni kuta udongo laini, na msiburute laina juu ya changarawe. Jambo moja tafadhali lisingoje: laina iliyolowa huteleza kama sabuni, na mtoto akitumbukia hawezi kupanda. Ua na kamba yenye mafundo viwepo kabla ya mvua ya kwanza. Tena jua letu linaweza kuchukua milimita 5 kwa siku. Kwenye mdomo wa mita 60 za mraba hiyo ni lita 300, mitungi 15. Kivuli cha wavu au cha nyasi kitapunguza.

Maswali ya kuzungumzia kikundini: Je, sisi tuchague vipimo viwili au kila mtu na chake? Mjane ambaye hawezi kumaliza malipo kufikia Agosti, kikundi kimkopeshe kutoka mfuko upi, na alipe lini? Na nani wawili watakaoshika kamba?