Taa Nyekundu ya Breki Iwakayo na Kuzimika: Somo kwa Wenye Motokaa za Zamani

Dalili ya mvua ni mawingu. Mbele ya dereva, katika motokaa nyingi, pana taa ndogo nyekundu yenye alama ya mshangao ndani ya duara, au yenye neno BRAKE. Hiyo si ile taa ya nyuma iwakayo dereva akanyagapo breki, bali ni taa ya onyo. Katika motokaa iliyotumika miaka mingi, aghalabu taa hii huwaka kidogo, ikazimika, kisha ikawaka tena. Wako madereva wasemao, "Ni waya tu," wakaendelea na safari. Na wako wanaoifunika kwa utepe wasiione. Huenda kweli ni waya. Lakini mtu ateremkaye bonde la Mai Mahiu na abiria kumi na wanne nyuma yake hana ruhusa ya kubahatisha. Yampasa ajue.

Taa hii huwashwa na nini?

Katika motokaa nyingi za zamani ziko swichi mbili. Ya kwanza iko chini ya mkono wa breki ya kuegeshea. Mkono ukiinuliwa, taa huwaka. Ya pili imo katika chupa ya mafuta ya breki. Ndani ya chupa hiyo mna boya dogo. Mafuta yakipungua, boya hushuka na taa huwaka. Kila swichi huwasha taa kwa kuunganisha waya wake na chuma cha bodi. Kwa hiyo waya uliochubuka ukagusa bodi nao waweza kuiwasha, hata kama breki ni nzima.

Tazama inawaka wakati gani

Ikiwaka katika kona, mlimani, au gari lisimamapo kwa ghafula, shuku kwanza mafuta kupungua, kwa maana huyumba ndani ya chupa na boya hushuka nayo. Ikiwaka penye mashimo na mawe, shuku swichi ya mkono iliyolegea, au waya. Ikiwaka pamoja na taa ya betri, yafaa fundi wa umeme apime altaneta, kwani katika motokaa nyingine taa hizo mbili huhusiana. Ikiwaka pamoja na taa ya manjano ya ABS, mpelekee fundi upesi.

Jinsi ya kuchunguza

1. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, tia gea, na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu.

2. Tazama chupa ya mafuta. Yapasa yawe kati ya alama za MIN na MAX. Yakiwa chini, usiongeze tu ukaenda zako. Mafuta hayo hayaishi kama petroli; yakipungua, ama yanavuja, ama pedi zimelika. Pedi zikilika, pistoni husogea nje na mafuta hushuka kujaza nafasi hiyo. Basi pima pedi, kisha tazama upande wa ndani wa kila gurudumu, mipira na mabomba, kama pana unyevu.

3. Kanyaga breki kwa nguvu, uushike mguu hapo kwa nusu dakika. Pedali ikizama polepole, au ikiwa laini kama sponji, usiendeshe gari hilo. Ita fundi.

4. Mafuta yakiwa sawa na pedali ikiwa imara, fungua ufunguo bila kuwasha injini, ushushe mkono wa breki, kisha uutikise. Taa ikipepesa, swichi ya mkono imelegea au imechafuka. Isafishe na kuikaza.

5. Taa ikiwa ingali inawaka, chomoa waya wa chupa. Ikizimika, boya limezama au swichi yake imeharibika. Isipozimika, rudisha waya huo, uchomoe ule wa mkono. Ikiwa hata nyaya zote mbili zikichomolewa taa bado yawaka, tafuta waya uliochubuka. Ukimaliza, rudisha kila waya mahali pake. Kuuacha nje ni kumfunga mlinzi mdomo.

Habari za mafuta

Tumia aina iliyoandikwa juu ya kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4. Kamwe usitie mafuta ya injini wala mafuta ya taa, kwa kuwa huvimbisha mipira, na breki zote huharibika. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya huchemka katika joto lisilopungua digrii 205 za Selsiasi. Yakiisha kunyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, mafuta yakachemka, na pedali ikazama mpaka chini. Kwa hiyo wengi huyabadilisha kila miaka 2, na dereva mwenye busara huteremka kwa gea ndogo.

Ndugu msomaji, uchunguzi huu hauchukui hata saa moja, na wengi waweza kuufanya wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barabara, huenda usipate nafasi ya kuujenga.