Majani Mawili na Chipukizi: Mafunzo Matano Niliyopata kwa Kusoma Vitabu vya Kikristo

Nimeishi Boito, katika kaunti ya Bomet, karibu maisha yangu yote. Nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na siku za mapumziko nilikuwa shambani mwa majani chai pamoja na mke wangu. Vitabu vya Kikristo nimevipenda tangu ujana. Vingine nilinunua mjini Kericho, vingine niliazima kwa wachungaji. Wewe unayesoma haya unataka kukua kiroho, kwa hiyo sitakuhimiza usome. Nitakueleza mahali nilipokosea, ili usipoteze miaka niliyoipoteza mimi.

1. Uzito wa gunia si ubora wa majani

Mwaka mmoja katika miaka ya tisini niliweka daftari la kuorodhesha kila kitabu nilichokimaliza. Kufikia Desemba vilikuwa vimepita 40, nami nilijivuna kimoyomoyo. Jioni moja mke wangu alikuwa jikoni akichambua managu. Akaniuliza, "Mwalimu, hicho ulichomaliza jana kilisema nini?" Nikataja jina la kitabu. Nikataja mwandishi. Kisha nikakosa la kuongeza. Hakunicheka, aliendelea tu na mboga zake. Kimya kile kiliniuma kuliko kicheko.

Mkulima yeyote wa huku anajua mambo ya kituo cha kununulia majani. Unafika na gunia zito, karani anayamwaga mezani, anapitisha mkono, na yaliyokomaa anakurudishia. Kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Mimi nilikuwa nimejaza gunia kwa majani magumu.

Siku hizi nasoma vitabu vinne au vitano kwa mwaka, kurasa chache kila alfajiri. Nikikuta neno linalonigusa, sisongi mbele. Naenda nalo shambani, nachuma nalo, narudi nalo jioni. Kidogo kilichoingia moyoni kinazidi kingi kilichopita machoni.

2. Soma kwa lugha unayoombea

Nikiwa mwalimu kijana niliona Kiingereza ndicho lugha ya wasomi, na vitabu vya Kiswahili niliviacha kwa wengine. Kitabu cha John Bunyan, kile cha msafiri anayeondoka mjini kwake akiwa na mzigo mgongoni, nilikisoma kwa Kiingereza cha zamani. Nikakimaliza bila kuguswa.

Miaka mingi baadaye nilipata tafsiri ya Kiswahili, *Safari ya Msafiri*. Mama yangu alikuwa amezeeka, macho yamechoka, hata Biblia yake ya Kikalenjin, *Bukuit ne Tilil*, alikuwa akisomewa na wajukuu. Jioni nikawa namsomea Bunyan kwa Kiswahili, na penye ugumu namfafanulia kwa Kikipsigis. Tulipofika pale mzigo unapomwanguka msafiri mbele ya msalaba, mama aliweka kikombe chini. Akashika bega lake la kushoto, lile alilobebea majani chai tangu sisi tukiwa wadogo, akalisugua polepole. Akasema, "Huyo mtu anajua." Tukanyamaza kwa muda.

Nilishangaa. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria huko Uingereza, akafungwa jela miaka 12 kwa kuhubiri bila ruhusa, na kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Lakini mama wa Boito alimtambua kama jirani, mara tu Bunyan alipozungumza lugha ambayo mama anaielewa. Mimi niliyekisoma kwa lugha ya heshima nilikuwa nimeukosa mzigo wenyewe. Kama unaomba kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama yako, tafuta vitabu vya lugha hiyo, kwa maana humo moyo haukalimani.

3. Kitabu kinachoahidi mavuno, kiulize habari za msalaba

Hili nalikiri kwa uchungu. Mwaka fulani bonasi ya majani chai ya Oktoba ilikuwa nzuri. Kabla haijafika nyumbani nilinunua stendi kitabu chenye jalada la kung'aa, kilichofundisha kwamba ukipanda mbegu ya pesa kwa imani utavuna mara mia. Nilikisoma usiku mmoja. Jumapili iliyofuata nilitoa sehemu kubwa ya bonasi katika mkutano wa hadhara, bila kumshauri mke wangu. Januari karo ikakosekana. Binti yetu alikaa nyumbani wiki tatu akiwaona wenzake wakipita barabarani na sare zao.

Kosa langu halikuwa kutoa. Kutoa ni jambo jema, na mama yangu alitoa hadi siku ya mwisho. Kosa langu ni kwamba sikukipima kitabu kile. Watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakarudi kuchunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Ikiwa mtume alichunguzwa, sembuse mwandishi wa kitabu cha stendi?

Tangu hapo kila kitabu nakiuliza maswali matatu. Je, Yesu aliyesulubiwa yumo, au jina lake limetumiwa tu kama muhuri? Je, kinanidai toba, au kinanibembeleza? Je, mwandishi anafaidika nikimtii? Kitabu kisichojibu vizuri nakirudisha, kama karani anavyorudisha majani magumu.

4. Kalamu iwe karibu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba neno likinigusa nitalikumbuka. Siku moja niliombwa kusema maneno ya faraja kwenye mazishi ya mwalimu mwenzangu. Nilijua nimewahi kusoma jambo zuri mno juu ya huzuni na tumaini. Nikasimama mbele ya wajane na yatima, nikalitafuta, sikulipata. Nikasema maneno ya kawaida, nikaketi.

Baadaye nilipata habari za Biddy Chambers. Wengi wetu tumesoma *My Utmost for His Highest* cha Oswald Chambers, na mimi nilidhani aliketi akakiandika. Kumbe sivyo. Oswald alifariki Misri mwaka 1917 akiwahudumia askari. Mkewe Biddy alikuwa ameyanakili mahubiri yake kwa hati mkato, na kutoka kwenye madaftari hayo akakusanya kitabu kilichotoka mwaka 1927. Mamilioni wamelishwa na maneno ambayo yangepotelea hewani, kwa sababu mwanamke mmoja alishika kalamu.

Nami nikanunua daftari la shule la kurasa 96. Kila alfajiri naandika mistari mitatu: nimesoma nini, kimenigusa wapi, leo nitafanya nini. Mstari wa tatu ndio mgumu, nao ndio ulionipeleka kwenye funzo la mwisho.

5. Kitabu kikikuonyesha mtu, funga kitabu uende kwake

Mimi na ndugu yangu wa tumbo moja tuligombania safu moja ya michai kwenye mpaka. Kwa miaka miwili hatukusalimiana. Nilikuwa nafundisha Biblia kanisani Jumapili, na Jumatatu nampita ndugu yangu njiani kama mti.

Wakati huo nikasoma kitabu cha Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere na mkewe Mera wakatoroka usiku wakivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba anampenda Idi Amin. Sikuamini macho yangu. Huyu aliuliwa rafiki na kufukuzwa nchini, bado anasamehe. Mimi nilidhulumiwa safu ya michai, kama kweli nilidhulumiwa.

Niliandika mistari miwili kwenye daftari. Kwenye wa tatu kalamu ikasimama. Nikafunga kitabu, nikavaa gambuti, nikashuka hadi kwa ndugu yangu kungali na ukungu. Alikuwa anakamua ng'ombe. Nikasema, "Nimekosa. Safu ile chukua." Hakunijibu mara moja. Alimaliza kukamua, akamwita mkewe alete maziwa, tukanywa tumesimama pale pale kwenye boma la ng'ombe. Ile safu tunaichuma kwa zamu hadi leo.

Katika vitabu vyote nilivyosoma, hakuna sura iliyonikuza kama mwendo ule mfupi wa kushuka mteremko. Kwa hiyo ndugu yangu, dada yangu, leo usiku kabla hujafungua kitabu kipya, jiulize kile cha mwisho kilikutuma kwa nani. Kama hujaenda, nenda kwanza. Kitabu kitakungoja.