Dhiki ya Moyo na Maradhi ya Mwili

Katika miji yetu mtu akikonda na ilhali chakula kimo ndani, wazee husema, "Ana mawazo huyo." Neno hili ni fupi lakini ndani yake mna elimu kubwa, nayo ni kuwa kinachoulemea moyo huulemea na mwili. Makusudi ya somo hili ni kulipambanua neno hilo: lipi ndani yake ni kweli, na lipi tumelizidisha.

Tutwae mfano wa karibu. Mtu wa Mwamkulu, katika Mpanda, alimaye mpunga, amekopa fedha za mbegu na za vibarua, na ahadi ya kulipa ni wakati wa mavuno. Mvua imekawia. Usiku hulala macho wazi akihesabu. Hakupigwa, wala hana homa. Lakini moyo wamwenda mbio, kichwa chamgonga, tumbo lamsokota, na chakula hakipiti. Je, maradhi haya yametoka wapi?

Jawabu: Mwenyezi Mungu ameuumba mwili pamoja na askari wake. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu aonapo khatari, mathalan simba njiani, ubongo hupeleka amri, na tezi hizo hutia katika damu vitu viwili: adrenalini, ambayo huja upesi, na kotisoli, ambayo hufuata nyuma na hukaa zaidi. Hapo moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huzidi, sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu, na kazi ya tumbo hupunguzwa. Hii ni neema, kwani kwayo mtu hukimbia akaokoka. Na simba akiisha kwenda zake, mwili hurejea katika utulivu.

Lakini deni si simba. Deni haliji likapita. Hulala nawe na huamka nawe. Wala mwili haujui kupambanua sawasawa baina ya haya mawili, basi hukesha na silaha mkononi usiku na mchana. Na askari asiyelala, mwisho wake huipiga nyumba aliyowekwa kuilinda. Shinikizo la damu hupanda, usingizi hupotea, na kinga ya mwili hudhoofika.

Khabari hii si ngeni kwetu. Qurani imetueleza juu ya Nabii Yaaqub, ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa Yusuf. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na ya nafsi pamoja, kwa kuwa aliona matabibu wakishughulika na mwili tu. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza namna ya kumjua mgonjwa wa mahaba kwa kumshika mshipa wa mkono huku majina yakitajwa, mpaka mshipa ubadilike kwa jina moja.

Wataalamu wa zama hizi wameyapima mambo haya. Mwaka 1936 Hans Selye, katika mji wa Montreal, alitangaza kuwa panya waliotiwa katika taabu za namna mbalimbali walionyesha alama zile zile: tezi za juu ya figo zimevimba, na tumbo limetoka vidonda. Mwaka 1991 ilitangazwa khabari ya watu 394 wazima huko Uingereza, waliotiwa vijidudu vya mafua puani kwa ridhaa yao. Waliokuwa na dhiki nyingi zaidi za moyo ndio walioshikwa zaidi. Na mwaka 1995, huko Marekani, wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopotewa na akili walitiwa jeraha dogo mkononi pamoja na wanawake wasio na mzigo huo. Jeraha la wauguzi lilikawia kupona kwa siku tisa zaidi.

Tena dhiki haimpati mtu mmoja mmoja tu, bali huweza kuupata umma. Hapa hapa Katavi, katika Katumba na Mishamo, walikaa watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Mwaka 2010 walitangaziwa uraia, watu takriban 162,000 pamoja na wenzao wa Ulyankulu, lakini wakaambiwa wahame waende mikoa mingine. Hati zao zikazuiliwa mpaka mwaka 2014, ndipo wakaanza kupewa na kuruhusiwa kukaa. Hebu fikiri: mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo, atapanda mwembe? Ataezeka nyumba? Kungoja kusikojulikana mwisho wake ni mzigo, ijapokuwa hauonekani kichwani.

Ama sasa tutahadhari na makosa matatu.

La kwanza, kusema kila ugonjwa ni mawazo. Watu wengi walishikilia kuwa vidonda vya tumbo huletwa na fikira tu, hata Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha, tangu mwaka 1982, kuwa vingi huletwa na kijidudu kinachokaa tumboni, nao kwa hilo wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Basi mwenye homa na apimwe damu; asiambiwe "acha mawazo" na malaria inamla.

La pili, kumwambia mgonjwa "huna kitu" kwa kuwa kipimo hakikuonyesha kitu. Maumivu yake ni ya kweli, na usingizi aliokosa ni wa kweli.

La tatu, nalo ndilo baya kuliko yote, ni kumtafuta mchawi. Katika nchi yetu wazee wa kike wengi wameuawa kwa tuhuma hiyo. Deni la mtu limemkosesha usingizi, kisha bibi asiye na kosa ndiye analipishwa kwa damu yake!

Dawa yake ni nini? Kwanza, dhiki isemwe. Huko Zimbabwe husema "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Tangu mwaka 2006 tabibu Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaa ya Harare kukaa na wenye dhiki juu ya benchi na kuwasikiliza. Na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Je, sisi hatuna mabibi?

Pili, dhiki igawanywe. Mvua haimo mkononi mwako, lakini kumwendea aliyekukopesha kabla ya siku ya ahadi na kumweleza hali ilivyo kumo mkononi mwako. Nawe mwenye kudai, jua kwamba muhula unaompa mwenzako huenda ukawa ndiyo dawa yake.

Tatu, mwili upewe haki yake: usingizi, mwendo, na chakula kwa wakati. Pombe na tumbaku huiahirisha dhiki, kisha huirudisha pamoja na riba.

Nne, nenda zahanati upimwe shinikizo la damu, kwani hupanda bila ya dalili. Mwenye maumivu ya kifua, au anayefikiri kujiua, asingoje kesho, wala jamaa zake wasimwache peke yake.

Maswali ya somo

1. Kwa nini kumwogopa simba hakuudhuru mwili kama kuliogopa deni?
2. Vidonda vya tumbo vinatufundisha nini juu ya neno "mawazo"?
3. Ni nani katika mtaa wako amekonda mwaka huu, nawe hujamwuliza khabari zake?

Swali la tatu halijibiwi kwa kalamu. Inuka uende.