Kadi Mbili za Zamani au Moja Mpya Zaidi?

Somo letu la mara hii linawahusu zaidi wenzetu wa sayansi ya kompyuta, usanifu wa majengo na utengenezaji wa katuni, lakini hata wewe unayetaka kompyuta ya kuchezea gemu wakati wa likizo hutatoka mikono mitupu. Swali lenyewe ni hili: mwanafunzi mwenye fedha ya kiasi anunue kadi mbili za grafiki za zamani, zilizokuwa zikisifiwa sana enzi zake, au anunue moja tu ya kizazi cha baadaye?

Tuchukue mfano ulio wazi. Upande mmoja tuweke GeForce GTX 1080 Ti mbili. Kadi hii ilitoka Machi 2017 ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 11, na ikifanya kazi kwa nguvu zote hula wati 250. Upande wa pili tuweke RTX 3060 moja, iliyotoka Februari 2021, yenye gigabaiti 12 na wati 170. Zote ni mitumba. Muuzaji atakuambia, "Hizi mbili ni gigabaiti 22, hiyo moja ni 12 tu." Kujumlisha kwake ni sahihi. Lakini je, programu unayoitumia wewe inajumlisha kama yeye?

Kwenye gemu, haijumlishi. Mwaka 1998 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2, na mbili kati ya hizo ziliweza kuunganishwa zikagawana mistari ya picha, moja ikichora mstari huu na nyingine ule. Mpango huo uliitwa SLI. NVIDIA, baada ya kununua mali za 3dfx, ililirudisha jina hilo mwaka 2004 kwa kadi zake yenyewe, na mwaka uliofuata ATI wakaja na CrossFire. Njia iliyotumika zaidi katika mifumo hii ya baadaye ilikuwa ya kupokezana fremu: kadi ya kwanza inachora fremu moja, ya pili inachora inayofuata. Ili hilo liwezekane, kila kadi lazima iwe na nakala yake kamili ya picha na maumbo yote ya gemu. Kwa hiyo 11 na 11 hubaki 11.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo namba za matangazo hazikulionyesha. Fremu 60 kwa sekunde maana yake ni fremu moja kila milisekunde 16.7. Kadi mbili zinazopokezana zinaweza kutoa fremu moja baada ya milisekunde 8 na inayofuata baada ya 25. Wastani ni ule ule, lakini jicho huona picha ikigugumia. Tena mpango mzima ulitegemea NVIDIA iandike ndani ya draiva maelekezo ya kila gemu. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 iliacha kuongeza maelekezo mapya ya SLI kwa kadi za kizazi cha RTX 20 na vilivyotangulia. DirectX 12 iliwaachia watengenezaji wa gemu kazi hiyo waifanye wenyewe, na waliojisumbua ni wachache mno. Matokeo yake, kwenye gemu nyingi za sasa 1080 Ti yako ya pili itakaa tu ndani ya boksi. Moja peke yake bado inakwenda karibu sawa na 3060, haki yake tuipe. Mwenye nia ya gemu tu anunue moja, yoyote kati ya hizo mbili, asome aya za umeme hapo chini, kisha arudi kwenye vitabu vyake.

Kwa wanaotumia Blender hali ni tofauti. Injini yake ya Cycles haihitaji SLI kabisa: huigawa kazi kwa kadi zote inazozikuta, na kadi mbili zinazofanana hupunguza muda wa kutoa picha hadi karibu na nusu. Sharti ni kwamba mandhari yote iingie kwenye kumbukumbu ya kila kadi, yaani tunarudi kwenye 11. Hata hivyo, RTX 3060 ina saketi maalumu za kufuatilia miale ya mwanga, ambazo 1080 Ti haina, na Cycles huzitumia kupitia OptiX. Kwa sababu hiyo kadi hiyo moja inaweza kuzifikia zile mbili, hata kuzipita, huku ikila theluthi moja ya umeme wake.

Sasa tufike kwenye jambo linaloulizwa zaidi siku hizi, yaani kufundisha na kuendesha modeli za akili mnemba. Hapa ndipo nafasi ya gigabaiti 22 ina maana ya kweli, na sitaki mtu aniambie nimeificha. Chukua modeli ya lugha yenye vigezo bilioni 13. Ukihifadhi kila kigezo kwa baiti 1, unahitaji gigabaiti 13 kabla hujahesabu nafasi ya maandishi yanayochakatwa. Haiingii kwenye 3060. Programu kama llama.cpp inaweza kuweka tabaka za mwanzo za modeli kwenye kadi moja na zilizobaki kwenye ya pili, na kazi ikaenda. Usitegemee kasi maradufu lakini, kwa kuwa tabaka hufanya kazi kwa zamu: kadi ya pili husubiri ya kwanza imalize. Unachopata ni nafasi. Modeli hiyo hiyo ikibanwa hadi nusu baiti kwa kigezo huwa kama gigabaiti 6.5, nayo 3060 huibeba bila taabu, ingawa ubora hupungua kidogo.

Kwenye kufundisha modeli, kadi ya zamani inaachwa nyuma zaidi. Mafunzo ya kisasa hutumia namba za biti 16 ili kuokoa kumbukumbu na muda. GTX 1080 Ti hupiga hesabu za biti 16 kwa sehemu moja tu ya 64 ya kasi yake ya biti 32. Si makosa ya kuchapa, ni 1 kwa 64. RTX 3060 ina saketi za tensa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na inaelewa pia muundo wa bfloat16 ambao mifano mingi ya darasani huutumia. Halafu kuna suala la programu. CUDA 13, iliyotoka mwaka 2025, imeacha kuziandalia programu kadi za kizazi cha Pascal, ambacho ndicho cha 1080 Ti. Matoleo ya zamani yanaendelea kufanya kazi, ila mwaka wa mradi wako wa mwisho utaupitisha ukitafuta toleo gani la maktaba hii linapatana na toleo gani la ile, na mwalimu wako hatakupa alama kwa hilo.

Tuje kwenye umeme, jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya kununua. Kadi mbili za wati 250 ni wati 500. Toa 170, unabaki na tofauti ya wati 330. Ukifanya kazi nzito saa 5 kwa siku kwa siku 30, tofauti hiyo peke yake ni uniti 49.5, karibu uniti 50 za Yaka kila mwezi. Unayeishi hosteli ya kuchangia bili, fikiria utakavyowaeleza wenzako. Ni kweli unaweza kuziwekea kadi hizo kikomo cha wati kwa amri ya nvidia-smi, nami nawashauri walio nazo wafanye hivyo, lakini pengo litapungua tu, halitaisha. Na umeme unapokatika, ile UPS ndogo ya ofisini haitaibeba mashine ya kadi mbili hata kwa muda wa kuhifadhi kazi.

Mashine yenyewe nayo ina masharti. Kompyuta nyingi za mitumba zinazotoka maofisini zina pawasaplai isiyofika wati 300 na hazina waya hata mmoja wa kulisha kadi. Kwa RTX 3060, NVIDIA hupendekeza pawasaplai ya wati 550, na nyingi hutaka plagi moja ya pini 8. 1080 Ti ya kawaida hutaka plagi ya pini 8 na nyingine ya pini 6, kwa hiyo mbili zinahitaji plagi nne na pawasaplai ya wati kama 850 iliyo ya kuaminika. Kwenye madabodi, usidanganyike na urefu wa sloti ya pili. Nyingi ni ndefu kama ya kwanza lakini ndani zina njia nne tu za data. Soma kijitabu cha madabodi yako kabla ya kutoa fedha. Ongeza gharama hizi kwenye bei ya kadi mbili, na mara nyingi ule unafuu uliokuvutia dukani hutauona tena.

Rai yangu basi: nunua moja, RTX 3060 ya gigabaiti 12. Ninayemruhusu kununua mbili ni yule ambaye kazi yake hasa ni kuendesha modeli zisizoenea kwenye 12, ana pawasaplai tayari, na amekubali kubaki na programu za zamani. Na kama tayari unayo 1080 Ti moja inayofanya kazi vizuri? Usiongeze ya pili kwa haraka. Itumie, weka akiba, na siku ukipata ya kubadilisha uiuze hiyo.

Wakati wa kununua, uliza kwanza kama ni ya gigabaiti 12 kweli, kwa sababu ipo RTX 3060 ya gigabaiti 8 yenye jina lile lile. Kumbuka pia kwamba Septemba 2022 Ethereum iliacha mtindo wa uchimbaji kwa kadi, na kadi nyingi zilizochoshwa na kazi hiyo zikaingia sokoni. Kuchimba hakuiui kadi lazima, ila feni huchakaa. Fanya programu ya GPU-Z iisome kadi, kwani hutambua nyingi zilizobadilishwa jina. Iendeshe kwa nguvu zote nusu saa ukitazama joto na kusikiliza feni. Mkubaliane kwa maandishi siku tatu za khiyari, umrudishie ikionyesha aibu. Muuzaji mwenye bidhaa safi hatakukatalia, na akikataa, duka la pili lipo hatua chache tu kutoka hapo.