SOMO: Kupunguza kifuniko cha pikapu bila kudhuru afya



Kifuniko cha faibaglasi, ambacho wengine hukiita kanopi, ni mali. Kikitolewa kwenye gari kubwa lililochakaa, fundi anaweza kukipunguza kikakaa juu ya pikapu ndogo. Kazi hii inawezekana, lakini ina hatari tatu: vumbi, dawa ya kugandisha na moshi wa gari.

KUPIMA NA KUKATA

Pima bodi ya gari mahali kifuniko kitakapokaa, mbele na nyuma. Tuseme kifuniko kina upana wa sentimita 165 na bodi ina 150. Utatoa ukanda wa sentimita 15. Chora mstari katikati ya paa, kisha pima sentimita 7.5 kila upande. Usikate pembeni, maana kingo za pembeni ndizo zinazobeba uzito na kufungwa boliti. Kama urefu pia umezidi, toa ukanda mwingine wa kukata paa kwa upana.

Kioo kigumu cha nyuma hakikatiki, ukijaribu kitasambaratika. Tengeneza mlango mpya wa mbao nyepesi.

Hatari ya kwanza ni vumbi la nyuzi za kioo. Huwasha ngozi, huumiza macho na kukera mapafu. Kwa hiyo:
1. Fanya kazi nje, mbali na nyumba, watoto na chakula.
2. Vaa miwani ya kazi, glovu, mikono mirefu na barakoa ya kuzuia vumbi. Leso haitoshi.
3. Kata kwa msumeno wa mkono huku ukilowesha kwa maji. Usitumie maji pamoja na mashine ya umeme.
4. Ukimaliza, oga na ufue nguo hizo peke yake.

KUUNGANISHA

Sogeza vipande pamoja na uvishike kwa mbao na skrubu. Kwa ndani, sugua kingo ziwe na mteremko wa sentimita 4 kila upande. Pakaa rezini na utandaze mkeka wa nyuzi matabaka matatu, la kwanza jembamba, la mwisho pana zaidi. Ikishakauka, toa mbao, kisha ziba na usugue upande wa nje.

Dawa ya kugandisha ni hatari ya pili. Fuata maelezo ya kopo; kwa kawaida ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini. Ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Osha jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Usiichanganye moja kwa moja na dawa ya kuharakisha, kwani hulipuka. Usivute sigara wala kuwasha moto karibu.

MOSHI WA GARI

Hatari ya tatu huja kazi ikishakwisha. Gari likitembea, hewa ya nyuma yake huvuta moshi na kuuingiza kupitia nyufa za mlango. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 1992 wataalamu wa afya wa Seattle, Marekani, walichapisha taarifa ya watoto 20 walioathirika na gesi hii wakiwa nyuma ya pikapu. Kati yao, 17 walikuwa chini ya kifuniko kigumu.

Weka mpira kwenye kingo zote na ukague bomba la moshi. Hata hivyo, kifuniko ni cha mizigo, si cha watu. Kufungua mlango wa nyuma si kinga. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi, simamisha gari, mtoe kwenye hewa safi na umfikishe kituo cha afya.

TUJIULIZE
1. Kwa nini tunakata katikati na si pembeni?
2. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni, tufanye nini kwanza?
3. Kwa nini mtoto asipande chini ya kifuniko?