Uraka na Gongo: Pombe Mbili za Bibo Moja

Msimu wa korosho unapofika Mtwara na Lindi, mabibo hukamuliwa na maji yake yakaachwa yachachuke. Hapo hupatikana uraka. Uraka huohuo ukimiminwa kwenye pipa na kupikwa, hutoka gongo. Tunda ni moja, lakini mwili haupokei pombe hizi mbili kwa namna moja.

Kwenye uraka kazi yote ni ya hamira, ambayo hula sukari ya tunda na kutoa kilevi pamoja na hewa inayofanya povu. Kazi hiyo ina kikomo: kilevi kikifika kama asilimia 15, hamira nyingi huzidiwa na kufa. Mnazi, ulanzi, mbege, busaa na bia kwa kawaida huwa chini sana ya hapo.

Mpishi wa gongo huvuka kikomo hicho kwa moto. Kilevi huchemka kwenye nyuzijoto 78, maji kwenye 100, kwa hiyo mvuke wa kwanza hubeba kilevi kingi. Hupita kwenye bomba lililozamishwa ndani ya maji baridi, ukapoa na kudondoka tone kwa tone chupani. Konyagi na wiski hutengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, ila kiwandani, chini ya vipimo.

Hesabu ya kilevi hicho ni hii. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi. Kiroba, yaani kifuko cha plastiki cha pombe kali, cha mililita 100 chenye asilimia 40 kilikuwa na 40, nacho kiliingia mfukoni mwa mwanafunzi bila kuonekana. Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 2017, na ilifanya vyema. Kwa mtoto mdogo, hata mafunda machache ya pombe kali yanaweza kushusha sukari mwilini hadi akazimia; chupa ifungiwe kabatini.

Hatari kubwa kuliko zote ni methanoli, kemikali ya viwandani ambayo wauzaji wasio na huruma huongeza ili pombe ionekane kali. Mwaka 2000, mtaani Mukuru, Nairobi, pombe ya aina hiyo iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofusha wengine. Harufu haiitambulishi. Kuiwasha moto nako hakusaidii, kwani methanoli na kilevi cha kawaida vyote huwaka.

Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, tumbo kusokota, kutapika, kuhema haraka, macho kuona ukungu. Wengi hudhani ni uchovu wa pombe, wakaenda kuzimua. Mgonjwa wa namna hiyo asiachwe alale. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane, na pombe iliyobaki ibebwe ikapimwe. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia sumu hiyo na mashine ya kusafisha damu, na macho huokolewa zaidi matibabu yakianza mapema. Waliokunywa naye waende pia, hata wasiojisikia vibaya.