Hatari ya Theluji Milimani

Milima ya Alps, huko Uswisi na nchi jirani, hufunikwa na theluji nyingi. Wakati wa baridi wa 1950 hadi 1951 maporomoko ya theluji yaliwaua watu zaidi ya 250 katika milima hiyo. Hata baridi ikipita, hatari haiishi. Mwezi wa Machi na wa Aprili jua huwa kali, na maji ya theluji iyeyukayo hupenya chini na kuilegeza; ndipo huporomoka na kuwafukia wapitao.

Maporomoko mengi huanzia penye mteremko wa digrii 30 hadi 45. Kwa hiyo msafiri mwenye busara husikiliza kwanza tangazo la wataalamu. Huondoka alfajiri, theluji ingali ngumu kwa baridi ya usiku, na hushuka kabla ya adhuhuri. Miguu ikianza kuzama, hurudi. Penye hatari watu huvuka mmoja mmoja. Kila mtu huchukua chombo cha kupeleka na kupokea ishara, fimbo ndefu ya kupimia, na sepetu. Maana wengi wafukuliwao katika dakika 10 hupona, bali wakicheleweshwa wengi hufa.

Kurudi kabla ya kufika kileleni si aibu.